Maji ya uzazi yamepungua, na mavyaa aniletea madafu

"Daktari, asalaam aleikum. Naishi Matondoni, nina mimba yangu ya kwanza, wiki ya 33. Juma lililopita nilipigwa skani mjini Lamu. Karatasi imeandikwa AFI 4.6 na chini yake SDP 2.1. Uzito wa mtoto wamesema uko sawa, figo na kibofu vimeonekana. Nimeambiwa maji ni kidogo, ninywe maji mengi, nirudi baada ya wiki mbili. Mavyaa aniletea madafu kila siku, asema nimezoea kukaa bila kunywa. Jirani asema mtoto atakauka tumboni na kwamba lazima nipasuliwe. Mtoto anacheza. Mara nyingine nikikohoa nguo ya ndani hulowa kidogo. Ramadhani i karibu na nilinuia kufunga. Dawa ya hospitali sinywi ila za damu. Ni vidonge vya jino tu, Brufen, nanunua duka la dawa tangu wiki mbili nyuma. Je, ni mimi niliyemkosesha mwanangu maji? Nile nini yarudi?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye jino. Wewe umelitaja mwishoni, kama jambo la pembeni. Kwangu hilo ndilo la kwanza, kwa hiyo nalitanguliza kabla ya madafu, kabla ya kisu na kabla ya Ramadhani: vidonge vya Brufen viache leo. Usimalizie vilivyobaki. Na zile wiki mbili ulizopewa usizingoje. Kesho au kesho kutwa rudi hospitali, na hapa chini nitakueleza uombe kupimwa nini.

Sasa tukae tuzungumze.

Watu wengi hudhani maji ya uzazi ni yale anayokunywa mama, kwamba hushuka kooni yakaenda kujaa pale mtoto anapoelea. Ingekuwa hivyo, mavyaa angekuwa amemaliza kazi na mimi ningekuwa sina la kusema. Lakini kuanzia kama mwezi wa nne wa mimba, sehemu kubwa ya maji hayo ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Usikunje uso, si mkojo kama wetu. Taka za mwili wake hupitia kondo la nyuma zikaingia kwenye damu yako, wewe ndiye unayezitoa, kwa hiyo anachokojoa yeye ni karibu maji matupu. Huyakojoa, huyameza, huyakojoa tena. Mapafu yake nayo huchangia. Mtoto aliyekaribia kuzaliwa hukojoa zaidi ya nusu lita kwa siku, na maji yanayomzunguka hubadilika karibu yote ndani ya siku moja.

Fikiria birika la msalani katika zile nyumba za mawe za Lamu. Maji yake hayajakaa tu, huingia na hutekwa kila siku. Ukikuta asubuhi yameshuka mpaka wale samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu wanagusa chini, huanzi kwa kumwaga ndoo. Unajiuliza kama birika limefanya ufa, au kile kinacholijaza kimepungua. Maji ya mtoto ni vivyo hivyo. Kupungua kwake ni dalili ya jambo jingine, na jambo hilo ndilo la kutafutwa. Kwa hiyo swali lako la mwisho nitaligeuza kidogo. Kabla ya kuuliza ule nini, tuulize kwa nini yamepungua.

Tuanze na karatasi yako, maana zile namba mbili zimewachanganya wengi kabla yako. Kupata AFI, mpimaji huligawa tumbo sehemu nne. Katika kila sehemu hutafuta shimo la maji lisilo na mkono, mguu wala kamba ya kitovu ndani yake, akapima kina chake, kisha akajumlisha vina vyote vinne. Jumla ikiwa sentimita 5 au chini, huandikwa kwamba maji ni machache. Ikizidi kama 24 au 25, ni mengi kupita kiasi. SDP ni shimo moja tu, lile lenye kina kuliko yote. Hilo likiwa kati ya 2 na 8, maji yanatosha. Kwa hiyo kwa kipimo cha kwanza wewe una upungufu, na kwa cha pili umepita, ingawa kwa kukwaruza. Hapana aliyekosea. Tafiti zilizolinganisha vipimo hivi zimeonyesha kwamba AFI huwapa wanawake wengi zaidi jina la upungufu, na wengi zaidi huanzishiwa uchungu, bila watoto wao kutoka na hali bora kuliko wengine. Ndiyo maana baadhi yetu tunaiamini zaidi SDP. Tena skani hutegemea mkono wa anayepima na mtoto alivyolala saa ile. Wapimaji wawili wanaweza kukupima asubuhi moja wakaandika namba mbili tofauti.

Kwa hiyo uko mpakani. Sikwambii ulale usingizi mzito, na sikwambii ulie. Nakwambia utafutiwe sababu.

Ufa kwanza. Umesema ukikohoa nguo hulowa. Katika wiki ya 33, kichwa cha mtoto kikikaa juu ya kibofu, mkojo kuponyoka kwa kikohozi au kicheko ni jambo la kila siku, na nadhani kwako ndivyo ilivyo. Lakini chupa hupasuka kwa njia mbili. Kuna ile ya kumwagika ghafla mpaka miguuni, ambayo hata mwanamume aliye sebuleni anaijua, na kuna ya tundu dogo, maji yakichururika kidogo kidogo kwa siku kadhaa huku mama akidhani ni mkojo au ute. Jipime hivi: nenda haja ndogo umalize, vaa pedi safi au kitambaa cheupe kikavu, lala nusu saa, kisha simama. Maji ya uzazi hukusanyika ukiwa umelala na hutoka unapoinuka. Hayana ukali wa harufu ya mkojo, na wengine husema yana harufu tamu kidogo. Hata ukiona pakavu, mweleze mkunga jambo hili. Ataangalia kwa kifaa safi cha kufungulia njia ya uzazi, apate jibu. Asikuingize vidole kama hakuna uchungu, maana iwapo chupa imetoboka kweli, kila kidole ni nafasi ya vijidudu kupanda juu. Chupa ikiwa imepasuka hukai nyumbani: utalazwa, utapewa dawa ya kuzuia maambukizi, na pengine sindano za kukomaza mapafu ya mtoto.

Kinachofuata ni kondo la nyuma, na hili ndilo linalonifanya nisipende wiki mbili zako za kungoja. Kondo ndilo linalompa mtoto hewa na chakula. Likianza kuchoka, kwa presha ya mimba au kwa sababu nyingine, mtoto hufanya hesabu kama mwenye nyumba mwenye akili mwaka wa njaa: damu huipeleka kwenye ubongo na moyo, viungo vingine vikasubiri. Figo ni mojawapo ya vinavyosubiri. Figo ikipata damu kidogo hukojoa kidogo, na birika linashuka. Ndiyo sababu maji machache hututia wasiwasi hata mama akiwa hasikii lolote. Kwako uzito wa mtoto uko sawa, na hiyo ni habari njema sana, kwa sababu kondo linalochoka kwa muda mrefu huacha mtoto mdogo. Hata hivyo hukunitajia presha yako. Ipimwe, na mkojo upimwe protini siku hiyo hiyo.

Figo za mtoto zenyewe nazo huwa chanzo, pale zisipoumbika au njia ya mkojo inapoziba, lakini hilo kwa kawaida hujitokeza mapema zaidi, na kwako figo na kibofu vimeonekana. Tulipite.

Turudi kwenye jino. Brufen na ndugu zake, Diclofenac akiwa wa karibu kabisa, hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Kwa bahati mbaya kemikali hizo hizo ndizo zinazoifanya mishipa ya figo za mtoto ibaki wazi. Dawa huvuka kondo, mishipa hujibana, mkojo hupungua. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za jamii hii zikwepwe kuanzia wiki ya 20 ya mimba kwa sababu hii hasa. Na kuanzia kama wiki ya 30 kuna hatari nyingine: karibu na moyo wa mtoto uko mshipa unaotakiwa kubaki wazi mpaka azaliwe, na dawa hizi zinaweza kuufanya uanze kujifunga mapema. Kidonge kimoja ulichomeza siku moja si cha kukukosesha usingizi. Wiki mbili mfululizo ni jambo jingine.

Lililo zuri ni kwamba upungufu unaoletwa na dawa hizi mara nyingi hurudi nyuma dawa ikiachwa, na kwa wengi ni suala la siku chache. Siwezi kuapa kutoka huku Malindi kwamba jino ndilo lililoshusha maji yako. Lakini katika yote uliyoniandikia, ndilo ninaloliona dhahiri zaidi, na ndilo rahisi kuliko yote kuliondoa.

Umeuliza kama ni wewe uliyemkosesha. Mwanangu, ulikuwa na jino linalouma usiku kucha. Aliyekuuzia vidonge huku tumbo lako la miezi minane likiwa mbele ya macho yake ndiye aliyetakiwa kuuliza. Nimeona mengi ya namna hii kwenye kaunta za maduka ya dawa, na bado hunikera.

Neno moja kwa wengine wanaosoma, wasije wakatupa dawa zote baharini. Ile Aspirini ya dozi ndogo ambayo baadhi ya wajawazito hupewa kliniki kuzuia presha ya mimba haimo katika onyo hili; aliyeandikiwa aendelee. Na aliyeshika mimba akiwa anameza Enalapril au Losartan kwa ajili ya presha, hizo ndizo zinazoumiza figo za mtoto kuliko Brufen, lakini asiache kimyakimya akabaki na presha juu. Aende hospitali siku hiyo hiyo abadilishiwe. Zipo zinazomfaa mjamzito, kama Methyldopa na Nifedipine.

Haya, madafu. Mavyaa hajakosea kabisa, na tafadhali usimkatalie kwa maneno makali. Mama akikaukiwa, damu yake huwa nzito na maji kidogo huvuka kwenda kwa mtoto. Akinywa, damu hulegea, mtoto hupata maji zaidi na kukojoa zaidi. Limepimwa: wanawake wenye upungufu wakinywa kama lita mbili za maji ndani ya saa chache, namba ya AFI hupanda. Ambalo halijathibitika ni kama kupanda huko peke yake kunamnufaisha mtoto. Birika lenye ufa unaweza kulijaza, lakini ufa haujaenda popote. Basi kunywa maji, lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku hasa kwenye joto hili la kaskazi, na dafu moja au mawili yaingie katika hesabu hiyo kama unayapenda. Yana maji na chumvichumvi, ila hayana siri ambayo maji ya kawaida hayana. Soda na shurubati usizihesabu. Iwapo presha itaonekana iko juu, au una maradhi ya moyo au figo, ushauri huu wa kunywa sana haukuhusu mpaka daktari wako aseme.

Kuhusu chakula, kula unavyokula. Hakuna tunda wala samaki anayejaza maji ya uzazi. Kulala kutwa kitandani nako hakuongezi kitu, na damu ya mjamzito asiyetembea hupenda kuganda miguuni. Na usikubali mtu akukande tumbo ili mtoto ageuke. Maji yakiwa machache mtoto hana nafasi ya kuzungukia, na kumlazimisha kwa mikono ni kumtafutia balaa.

Ramadhani: kwa hali yako, usifunge. Mwanamke mzima mwenye mimba salama tungekaa tukaongea, lakini wewe una maji ya mpakani, kiangazi cha kaskazi, na saa zaidi ya 13 bila tone. Ruhusa haitoki kwangu, iko ndani ya dini: mjamzito anayeihofia nafsi yake au mtoto wake hula. Kama ni kadha tu au na fidia, hilo muulize sheikh wako, mimi si mahali pangu.

Sasa maneno ya jirani. Mtoto hakauki tumboni. Wala hakosi hewa kwa sababu maji ni machache, kwa kuwa hapumui maji. Hewa yake huja na damu kupitia kitovu. Hofu ya mapafu iko kwa mimba iliyopungukiwa maji mapema, wiki ya 16 hadi 24 hivi, wakati mapafu yanajengwa na yanahitaji maji hayo kutanuka. Wewe umeshalipita daraja hilo. Hofu inayobaki wiki ya 33 ni kamba ya kitovu: maji yakipungua sana, hubanwa kati ya mtoto na ukuta wa tumbo la uzazi, hasa uchungu ukianza. Ndiyo maana siku ya kuzaa mapigo ya moyo wa mtoto yatafuatiliwa kwa karibu, na ndiyo maana uzae hospitali, si nyumbani. Lakini kupasuliwa si lazima. Wengi wenye maji machache huzaa kwa njia ya kawaida, baadhi yao kwa kuanzishiwa uchungu. Kisu huja moyo wa mtoto ukionyesha kuchoka, au amekaa vibaya, au pana sababu nyingine.

Ukifika hospitali, usiseme tu "nimekuja kwa maji". Beba karatasi ya skani na kijitabu cha kliniki, sema umetumia Brufen wiki mbili na umeacha, sema na habari ya kulowa. Omba presha na mkojo, omba moyo wa mtoto usikilizwe kwa mashine kwa muda wa nusu saa hivi, na skani irudiwe baada ya siku nne hadi saba tangu uache vidonge. Siku ya skani uliza kama wanaweza kuangalia mtiririko wa damu kwenye kamba ya kitovu, kipimo kinachoitwa Dopla. Kipimo hicho ndicho kinachotueleza kama kondo bado lina nguvu. Maji yakipanda na vyote hivyo vikiwa sawa, utarudi kwenye kliniki ya kawaida na skani moja mbili za kuangalia. Yakibaki chini huku mtoto akiwa mzima, atafuatiliwa kila wiki au mara mbili kwa wiki, na kwa kawaida tunalenga azaliwe kati ya wiki ya 36 na 37 na siku chache. Mtoto akionyesha dhiki kabla ya hapo, mpango hubadilika. Ikibidi azaliwe mapema sana, ni heri asafiri akiwa bado ndani yako, Mokowe, Garsen, mpaka Malindi au Mombasa, kuliko kusafirishwa amefungwa blanketi siku ya pili.

Wewe wa Matondoni mji uko karibu, hata kwa punda utafika. Ningekuwa naandikia mtu wa Faza au Kizingitini, ambako chombo hungoja maji yajae ndipo kipite mkondo wa bahari wa Mkanda, ningemwambia ahamie kwa jamaa Amu, yaani Lamu mjini, mapema, kabla ya wiki ya 36.

Na kila siku, baada ya chakula cha jioni, lala ubavu wa kushoto uhesabu mtoto anavyocheza. Mara kumi ndani ya saa mbili, na mara nyingi hufika kumi mapema zaidi. Utaambiwa kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia. Si kweli, namna ya kucheza hubadilika, yale mateke hugeuka misukumo na kujinyonganyonga, lakini haachi. Akipunguza, usinywe maji ya sukari ukangoja asubuhi. Nenda usiku huo huo. Nenda vilevile maji yakimwagika, damu ikionekana, homa ikipanda, au kichwa kikiuma kwa nguvu huku macho yakiona vimulimuli au chembe ya moyo ikiuma.

Limebaki jino. Maumivu yake yapo na hayatangoja ujifungue, na ukiliacha hivyo hivyo nakujua utarudi dukani. Kwa leo meza Parasetamoli, gramu moja, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Kisha kamuone daktari wa meno wiki hii. Mjamzito huzibwa jino, hung'olewa, na ganzi ya kawaida ya meno haimdhuru mtoto. Lisilofaa ni kuliacha likatunga usaha. Kwenye kiti omba kitambaa kikunjwe kiwekwe chini ya nyonga ya kulia, ulale umeegemea kushoto kidogo, usije ukapata kizunguzungu. Mwambie kabla hajashika kalamu kwamba una wiki 33 na maji ya mtoto ni kidogo, asije akakuandikia kile kile ulichotoka kukiacha.